Dola 200 kwa Siku, Gharama Mbali

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni hapa Dar es Salaam, kwenye mkutano wetu wa waandishi wa miswada na waigizaji. Wengi mlizuiwa na mvua mkaniomba niiandike. Nimeiweka kama nilivyoisema, ila vipande vya video tulivyotazama pamoja nimeviacha.

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo?

Naomba tuanze kwa kusikiliza simu.

Simu inalia mezani. Hakuna wa kuipokea. Tunaona meza yenye vikorokoro vya mtu anayeishi peke yake, na pembeni ya simu kuna mashine ya kupokea ujumbe. Mashine inaitika kwa sauti ya mwanamume aliyechoka kidogo: huyu ni Jim Rockford, ukisikia mlio acha jina lako na ujumbe, nitakupigia. Unasikika mlio. Halafu anaingia mama mmoja wa dukani, Norma. Anasema hundi imerudi kutoka benki. Anauliza: aichane, amrudishie, au aiweke pamoja na zile nyingine?

Zile nyingine. Mmesikia?

Hapo bado hatujamwona shujaa. Hatujaona bunduki wala maiti. Lakini tayari tunajua kwamba huyu mtu anadaiwa, kwamba si mara ya kwanza, na kwamba Norma ni mtu mwema, maana mwenye duka mwingine angekuja na polisi. Yote hayo yamebebwa na maneno mawili. Mimi nimeandika miswada zaidi ya miaka 20, na bado nayaonea wivu maneno hayo mawili.

Tamthilia yenyewe inaitwa The Rockford Files. Ilianza kuonyeshwa na kituo cha NBC cha Marekani mwaka 1974, filamu ya utangulizi ikitoka mwezi wa Machi na mfululizo wenyewe ukianza Septemba, na sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 10 Januari 1980. Misimu sita, zaidi ya sehemu 120, na karibu kila sehemu ilifunguliwa kwa ujumbe mpya kwenye mashine ile. Waliobuni ni Roy Huggins na Stephen J. Cannell. Aliyeigiza Rockford ni James Garner. Wakati huo huku bara hatukuwa na televisheni kabisa, nyie wadogo mnasahau, tumeipata mwaka 1994. Mimi nilimjua Rockford kwa kanda za video alizoleta mjomba wangu baharia. Kanda mbili, sehemu nne, tukizitazama Tanga kwenye deki ya jirani, watoto 15 sakafuni. Kiingereza hatukukielewa vizuri. Baba yake Rockford tulimwelewa vizuri sana. Nitarudi kwake.

Huyu Rockford ni nani? Ni mpelelezi binafsi wa Los Angeles. Alifungwa miaka mitano gereza la San Quentin kwa wizi ambao hakuufanya, akasamehewa, akatoka. Haishi kwenye jumba. Anaishi kwenye trela iliyochakaa, imeegeshwa ufukweni mwa bahari, Malibu, na trela hiyohiyo ndiyo ofisi. Bastola yake anaiweka jikoni kwenye kopo la biskuti, na siku nyingi anaiacha humohumo. Bei yake ni dola 200 kwa siku, gharama mbali.

Dola 200 kwa siku, gharama mbali! Anaisema bei hiyo kwa kila mteja, na kwa sauti ya mtu anayejua kwamba ataipigania. Wengine wanamlipa nusu. Wengine wanampa hundi ya aina ileile anayompa Norma. Wengine wanakufa kabla ya kulipa. Anapigwa, gari linagongwa, anashinda kesi, halafu anarudi kwenye trela yake akiwa hana kitu.

Sasa niwaulize. Mpelelezi uliyemwandika wewe, analipwa na nani? Analala wapi? Amekula nini asubuhi?

Muswada wangu wa kwanza wa upelelezi niliupeleka kwa mzee mmoja wa fani hii, Mungu amrehemu. Shujaa wangu alikuwa na suti, bastola, na miwani meusi, na aliingia kwenye kila chumba kwa kupiga mlango teke. Mzee alisoma kurasa zote 60 akiwa amekaa barazani, akaufunga muswada, akaniuliza: "Mwanangu, huyu anadaiwa na nani?" Sikuwa na jibu. Akaniambia basi bado sijamjua, nirudi nikishamjua. Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikaenda kuzitafuta tena zile sehemu za Rockford nilizoziona utotoni, na ndipo nikaelewa mzee alikuwa ananiuliza nini.

Sisi wasomaji wa Kiswahili upelelezi si mgeni kwetu. Tumelelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na tunamkumbuka kwa kiko chake na kwa akili yake. Rockford naye ana akili. Lakini ukimkumbuka, unakumbuka kwanza kwamba anafanya kazi. Kazi yenye bei, yenye jasho, yenye kusimangwa.

Tazameni anavyofanya kazi. Ndani ya gari lake, ile Pontiac Firebird ya rangi ya dhahabu, ana kimashine kidogo cha kuchapia kadi. Anafika mahali, anaegesha, anaangalia jengo la ofisi upande wa pili wa barabara. Ndani kuna karani mwenye faili analolihitaji, na karani huyo hawezi kumpa faili mpelelezi aliyewahi kufungwa. Basi anapanga herufi, anaweka kadi tupu, anakandamiza. Kadi inatoka na jina jipya na cheo kipya. Anatoka kwenye gari akiwa mtu wa bima, au mkaguzi wa kitu fulani, na sauti imeshabadilika, na hata mwendo. Garner alikuwa anafanya kitu hapo ambacho waigizaji mlioko humu naomba mkitazame kwa makini: anakuonyesha mtu anayeigiza, na ndani ya mtu yule anayeigiza unaona hofu ya kukamatwa. Tabaka mbili kwa uso mmoja. Kuna tapeli mmoja wa mafuta kutoka Oklahoma anayejigeuza mara kwa mara, Jimmy Joe Meeker, kofia kubwa na kelele nyingi. Garner mwenyewe alizaliwa Norman, Oklahoma, mwaka 1928. Lafudhi ile hakuiazima.

Na hofu! Rockford anaogopa kupigwa. Anasema wazi kwamba anaogopa. Kwenye filamu ya utangulizi anafuatwa na jitu lenye misuli lililojifunza kupigana. Rockford anaingia chooni, anamwaga sabuni ya maji sakafuni, anasubiri. Jitu linaingia kwa mbwembwe, linateleza. Hiyo ndiyo ngumi yake. Mtu anayeogopa hufikiri, na mtazamaji hufurahi kumwona mtu akifikiri.

Baba sasa. Nilisema nitarudi kwake.

Joseph Rockford, wote wanamwita Rocky, aliigizwa na Noah Beery Jr. kwenye mfululizo mzima. Ni dereva wa malori aliyestaafu. Anampenda mwanawe kupita kiasi, na kila wanapokutana anamwambia jambo lilelile: acha hii kazi, njoo kwenye malori, huko kuna chama cha wafanyakazi, kuna pensheni, kuna heshima. Anakuja kwenye trela na samaki, anarekebisha bomba, anakaa, analisema tena. Mwana anakasirika, baba anakasirika, na wanaenda kuvua samaki pamoja bila ya kuwa wameyamaliza.

Humu ndani nani ambaye hajaulizwa na mzazi wake, "Utaacha lini hayo maigizo utafute kazi ya kueleweka?" Nyoosheni mikono. Naona mikono miwili tu imebaki chini, na mmoja ni wa fundi wa spika.

Ndiyo maana watoto wale 15 wa Tanga walimwelewa Rocky bila Kiingereza. Kila mmoja alikuwa na Rocky nyumbani. Na angalieni ustadi wake: baba huyu hatatui kesi yoyote. Ukimtoa, mafumbo yote yatafumbuka vilevile. Lakini ukimtoa, tamthilia imekufa. Producer akikwambia punguza wahusika kuokoa bajeti, usianze na baba.

Kuna na rafiki mbaya, Angel Martin, walikutana gerezani. Stuart Margolin alishinda tuzo ya Emmy mara mbili kwa kumwigiza. Angel ni mwongo, mwoga, atakuuza kwa bei ya chakula cha mchana halafu aje kuomba umfiche. Rockford anamfukuza, na keshokutwa anamfungulia mlango. Na kuna Dennis Becker, polisi, rafiki mwema, ambaye kila Rockford anapomwomba amwangalizie namba ya gari anahatarisha cheo chake. Sitakaa hapo. Ila mkumbuke kwamba urafiki kwenye tamthilia hii una gharama, na gharama inaonekana kwenye uso wa Becker anaposikia sauti ya Rockford kwenye simu.

Sasa niwape kisa ninachokipenda kama mwandishi. Mwaka 1978 Cannell aliandika sehemu moja akamleta mpelelezi mwingine, Lance White, aliyeigizwa na Tom Selleck. Lance ni mzuri wa sura, ana nguo nyeupe safi, kila mtu anampenda, polisi wanamsalimia kwa heshima. Hafuati ushahidi: ushahidi unamfuata yeye. Anasema mambo yatakuwa sawa, na yanakuwa sawa. Rockford pembeni yake amepigwa, amechafuka, hana usingizi, na anakaribia kulia kwa hasira, kwa sababu yeye ametumia siku tatu kutafuta kile ambacho Lance amekiokota njiani.

Waliweka shujaa wa kawaida wa televisheni kando ya mtu, wakatuachia tuchague. Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu tumeandika akina Lance White miaka yote hii? Miaka miwili baadaye Selleck alipata tamthilia yake mwenyewe, Magnum, P.I., na wakati huo alikuwa tayari ameshasimama kando ya Garner na kuona inavyofanywa.

Jambo jingine ni zito zaidi, na hapa naomba mnivumilie niende taratibu.

Katika msimu wa tatu, mwaka 1976, kuna sehemu inaitwa So Help Me God. Iliandikwa na Juanita Bartlett. Dada zangu, andikeni jina hilo. Mama huyu aliingia kwenye ofisi zile akiwa katibu muhtasi, akaja kuwa mmoja wa waandishi wakuu wa tamthilia nzima.

Kisa chenyewe: Rockford anapelekewa samansi. Anatakiwa mbele ya jopo la siri la raia, wale ambao kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani huwa kati ya 16 na 23, wanaosikiliza ushahidi na kuamua kama mtu ashtakiwe. Anaulizwa kuhusu mtu aliyetoweka. Hamjui. Anasema hamjui. Mwendesha mashtaka haamini. Na hapa ndipo Bartlett anapokamata sheria kwa mkono na kuileta karibu na macho yetu: wakili haruhusiwi kuingia. Wakili anakaa nje, kwenye benchi la korido. Rockford akitaka ushauri, lazima ainuke, aombe ruhusa, atoke, anong'one na wakili, arudi, akae, ajibu. Ainuke tena, atoke tena, arudi tena. Mlango unafunguka na kufungwa, na kila unapofungwa chumba kinazidi kuwa kidogo.

Akikaa kimya, anapewa kinga ya kutoshtakiwa. Mnadhani hiyo ni zawadi? Kinga ile inamwondolea haki ya kukaa kimya. Sasa asipojibu anadharau mahakama, na anayedharau mahakama anawekwa ndani hadi ajibu au hadi muda wa jopo uishe. Mtu aliyekwisha kula miaka mitano kwa kosa lisilo lake anasikia tena geti la chuma likifungwa nyuma yake, safari hii bila hata ya kushtakiwa.

Hakuna muuaji mwenye kisu kwenye sehemu hii. Adui ni utaratibu unaofuatwa vizuri kabisa, na watu wenye tai wakisema tafadhali. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara mwili unanisisimka pale anapoinuka kwenda mlangoni mara ya tatu. Mwandishi aliyejua sheria inavyokwenda, hatua kwa hatua, hakuhitaji kitu kingine. Sisi je? Tunajua utaratibu wa dhamana kwenye mahakama ya mwanzo? Nani hapa amewahi kukaa siku nzima pale, toka saa mbili asubuhi, akasikiliza majina yakiitwa? Nendeni. Benchi za mbao, mama amebeba chakula kwenye kontena, karani anaita jina kwa kukosea. Hadithi ziko pale, na hazina kiingilio.

Na sasa Garner mwenyewe, maana hili ndilo lililonifanya nikubali kuzungumza leo.

Kabla ya Rockford, Garner alikuwa nyota wa tamthilia ya Maverick, iliyobuniwa na Huggins huyohuyo, ya studio ya Warner Bros. Mwaka 1960 waandishi waligoma. Studio ikamsimamisha Garner bila malipo, ikidai haina miswada ya kuigiza. Kumbe miswada ilikuwa inaandikwa kimyakimya, na baadhi ikatoka kwa jina la mwandishi mmoja aitwaye W. Hermanos. Hermanos ni Kihispania, maana yake ndugu. Warner na ndugu zake! Jina lilitungwa ili waandishi halisi wasijulikane. Garner alienda mahakamani, na alishinda, akawa huru na mkataba ule. Wakati huo hakuna aliyekuwa na hakika kwamba mwigizaji anayeishtaki studio atapata kazi tena.

Akaja Rockford. Alifanya mwenyewe mengi ya yale mapigano na misukosuko ya gari, pamoja na ule mtindo wa kurudi nyuma kwa kasi kisha kulizungusha gari ghafla, ambao madereva wa Marekani mpaka leo wanauita kwa jina la Rockford. Magoti yalikwisha. Yalipasuliwa mara kwa mara. Katika msimu wa sita mwili ulikataa, daktari akamwambia apumzike, na tamthilia ikasimama katikati ya msimu baada ya sehemu 12.

Sehemu ya malipo yake ilikuwa mgawo wa faida. Na studio, safari hii Universal, ilisema faida haijapatikana. Tamthilia iliyomletea tuzo ya Emmy mwaka 1977, iliyoshinda Emmy ya tamthilia bora mwaka 1978, iliyouzwa kurudiwa nchi baada ya nchi, vitabuni haikuwa na faida. Mwaka 1983 Garner alishtaki, akidai dola milioni 16.5. Alingoja. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Walikuja kuelewana mwaka 1989, kwa kiasi ambacho hakikutangazwa. Miaka sita ya kudai, kwa magoti yaleyale.

Mwaona alikuwa anaigiza nini miaka yote ile? Dola 200 kwa siku, gharama mbali. Mtu aliyesema maneno hayo mbele ya kamera alikuwa anajua uzito wake nje ya kamera.

Mimi nimewahi kuandika sehemu 26 nikalipwa 9. Aliyenifanyia hivyo simtaji, na sikuja kumsema. Nililipwa 9 kwa sababu mkataba wangu ulikuwa mazungumzo ya kwenye gari, kutoka Mwenge hadi Mikocheni, kwenye foleni. Nilipeana mkono na mtu nikashuka. Sehemu 17 nilizoandika usiku, mwanangu akiwa mchanga, amelala miguuni kwangu, zilirushwa hewani na watu wakazipenda, na mimi niliziona kwenye televisheni ya saluni kama mtazamaji mwingine yeyote. Jina langu lilipita kwenye skrini kwa sekunde mbili. Yule dada aliyekuwa ananisuka alisema, "Huyu mwandishi anajua." Sikumwambia ni mimi. Niliogopa ningelia mbele ya wateja wake.

Kwa hiyo nina maombi mawili, na tunaanza kesho asubuhi saa nne, chumba hikihiki.

Anayekuja na muswada, kabla ya kutusomea ukurasa wa kwanza, atatuambia shujaa wake anadaiwa na nani, kiasi gani, na yule anayemdai anaongea naye vipi. Nataka nimsikie Norma wako. Kama hujamjua bado, lala naye mawazoni usiku huu.

Na aliye na mkataba wowote, uliosainiwa au unaosubiri kusainiwa, hata kama ni ujumbe wa simu tu, aje nao. Kuna wakili mama mmoja amekubali kukaa nasi hadi saa nane bila malipo. Ataketi ndani nasi, si nje kwenye benchi. Njooni na kalamu.